Kamera ya Getini: Ni ya Kumjua Mgeni, si ya Kuwachunga wa Nyumbani



Wiki hii tumepokea barua ya dada mmoja, mkazi wa Tanga, mama wa watoto watatu, ambaye mumewe anafanya kazi mkoa wa mbali na hurejea nyumbani kila baada ya wiki sita. Nyumbani yumo yeye, watoto wake, mama mkwe wake ambaye umri umekwenda, na binti anayewasaidia kazi. Anatueleza kwamba mchana mmoja mtu aligonga geti akajitambulisha kuwa ni fundi aliyetumwa kukagua mita. Mtoto wa miaka 8 akamfungulia. Mtu yule akaingia mpaka barazani, akatazama huku na huku, akauliza kama baba mwenye nyumba yupo, kisha akaondoka bila hata kuisogelea mita. Hakuiba kitu wala hakumdhuru mtu. Lakini tangu siku ile, anasema dada yetu, usingizi wake umekuwa mwepesi.

Mumewe alipopata habari aliamua papo hapo kwamba itafungwa intakomu yenye kamera, ile kengele ya getini inayomwonesha aliyebisha kwenye skrini ndani ya nyumba. Ila yeye anataka aina ambayo picha zake zote zitafika pia kwenye simu yake huko aliko, usiku na mchana. Dada yetu anauliza mambo mawili. La kwanza, wachague chombo cha namna gani ili fedha yao isipotee. La pili ameliandika mwisho kabisa wa barua, kwa maneno machache: je, kila nitakapotoka kwenda sokoni, simu yake italia?

Tumeona tuyajibu yote mawili kwa pamoja, kwa sababu jibu la swali la pili ndilo linaloamua jibu la kwanza.

Mlango na heshima ya nyumba

Dini yetu imeupa mlango wa nyumba hukumu zake. Katika Suratun-Nur, aya ya 27 na ya 28, Allah (s.w.) ametukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwatolee salamu wenyewe, na tukiambiwa turudi, basi turudi, na huko ndiko kutakasika zaidi kwetu. Katika Hadithi ya Abu Musa al-Ash'ari (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, tumefundishwa kwamba ruhusa huombwa mara tatu, na asiyejibiwa aende zake. Na katika Hadithi ya Jabir (r.a.) tunasoma kwamba alibisha mlangoni kwa Mtume (s.a.w.), akaulizwa ni nani, akajibu kuwa ni yeye, Mtume (s.a.w.) akalirudia neno lile kana kwamba amelichukia. Mwenye kubisha hodi anapaswa kujitaja kwa namna itakayomtambulisha.

Tuitazame pia Hadithi ya Sahl bin Sa'd (r.a.), ambayo nayo imo katika Bukhari na Muslim. Mtu mmoja alichungulia kwenye tundu la chumba cha Mtume (s.a.w.), naye Mtume (s.a.w.) alikuwa na kitana cha chuma mkononi. Alipojua, alimkemea kwa ukali na kumweleza kwamba kuomba ruhusa kumewekwa kwa sababu ya jicho. Sababu haikuwa mwizi peke yake, wala adui. Nyumba ni sitara, na jicho la mgeni linaweza kuivunja sitara hiyo hata kama mguu wake haujavuka kizingiti.

Wazee wetu wa mwambao waliielewa maana hii wakaijenga kwa mawe na chokaa. Nyumba za kale za Lamu zina daka mbele, palipo na baraza ya kumpokea mgeni, kisha tekani kwa ndani, na mlango wa kuingilia uani haukuelekezwa sambamba na ule wa nje. Aliyesimama barabarani hata mlango ukiwa wazi hakuona ndani. Mgeni alikaribishwa, akaketi, akanywa kahawa yake, na watu wa ndani wakabaki na sitara yao.

Kwa hiyo tunapozungumzia kamera ya getini hatuzungumzii jambo geni kwetu. Ni swali lile lile la "nani?" ambalo kila nyumba ya Kiislamu huuliza kabla ya kufungua. Kilichobadilika ni chombo.

Chombo hiki chenyewe kilibuniwa kwa ajili ya mtu aliye katika hali inayofanana na ya dada yetu. Mwaka 1966, Marie Van Brittan Brown, muuguzi Mmarekani mweusi aliyeishi Queens katika jiji la New York, aliwasilisha pamoja na mumewe Albert, fundi wa vifaa vya elektroniki, maombi ya hataza ya mtambo wa ulinzi wa nyumba. Saa zao za kazi hazikulingana, na mara nyingi mama huyo alibaki nyumbani peke yake usiku. Mlango wao ulitobolewa matundu kadhaa ya urefu tofauti, kamera ikapanda na kushuka kuyafuata, picha ikaonekana kwenye runinga chumbani, na palikuwa na kipaza sauti cha kuzungumza na aliye nje na swichi ya kufungua mlango kutoka mbali. Hataza ilitolewa Desemba 1969. Karibu kila intakomu ya video inayouzwa leo madukani imejengwa juu ya mambo hayo manne: kuona, kusikia, kujibu na kufungua.

Tuzingatie mwelekeo wa matundu yale. Yule mtu wa katika Hadithi alikuwa nje akachungulia ndani, akakemewa. Mama huyu alikuwa ndani akatazama nje, naye alikuwa akijilinda. Hiyo ndiyo mizani tutakayoitumia katika yote yanayofuata. Kamera nzuri ya getini ni ile inayomwezesha aliye ndani kumwona aliye nje bila yeye mwenyewe kuonekana. Ikigeuka ikawa jicho la kuwatazama waliomo ndani, au waliomo nyumbani kwa jirani, imeacha kazi yake.

Waya au bila waya

Vyombo hivi viko vya namna nne hivi.

Namna ya kwanza ni ile ya waya wa kawaida wenye nyuzi nne, unaotoka getini hadi kwenye skrini sebuleni. Haina intaneti wala haihitaji simu. Mgeni akibonyeza, kengele inalia, picha inatokea, mnazungumza, mnafungua. Bei yake ni nafuu na mafundi wengi wanaijua.

Namna ya pili hutumia nyuzi mbili tu, zinazobeba umeme, picha na sauti kwa pamoja. Hii huwafaa wenye nyumba ya zamani yenye waya wa kengele uliokwisha kupitishwa ukutani, kwani huokoa kazi ya kubomoa na kuziba upya. Waya huo wa zamani ukaguliwe kwanza, maana ulioliwa na kutu hautoi picha safi.

Namna ya tatu hutumia waya wa mtandao, ule wa kompyuta, ambao hupitisha umeme na picha kwa wakati mmoja. Picha zake ni bora na skrini zinaweza kuwa zaidi ya moja, mathalani sebuleni na chumbani kwa bibi. Waya huo mmoja usipitishwe zaidi ya mita 100 bila kifaa cha kuongeza nguvu katikati.

Namna ya nne haina waya, hutegemea waifai na mara nyingi betri. Hii ndiyo inayopendwa na walio katika nyumba za kupanga, kwa sababu huondolewa bila kubomoa ukuta wa mwenye nyumba. Lakini kuta za zege na geti la bati nene huidhoofisha waifai, na betri ikiisha kengele hunyamaza. Kabla ya kununua, simama getini na simu yako, geti likiwa limefungwa, uone kama mtandao wa ndani unafika pale na unatosha kwa mazungumzo ya video. Ikiwa simu inakwama, kengele nayo itakwama. Aidha, wingi wa kengele hizi hutumia masafa ya 2.4 GHz, ambayo hupenya kuta vizuri kuliko ya 5 GHz. Fundi ahakikishe kifaa cha intaneti kimewashwa masafa hayo.

Ushauri wetu kwa mwenye nyumba yake ni kuchagua waya. Waya ukishapitishwa ndani ya bomba la plastiki chini ya ardhi au ukutani, hufanya kazi miaka mingi, na intaneti ikikatika kengele inaendelea kulia. Kwa nyumba ambayo mwanamume hayupo muda mwingi, kengele inayotegemea bando haitoshi peke yake.

Umeme ukikatika

Jambo hili husahauliwa dukani na kukumbukwa gizani. Uliza chombo kinatumia wati ngapi. Tuchukulie kamera na skrini pamoja zinatumia wati 10. Betri ndogo ya volti 12 yenye ampea-saa 7, kama zile zitumikazo kwenye ving'ora, ina wati-saa 84. Kwa hesabu ya kawaida inatoa saa 8, lakini kwa kuwa betri haipaswi kumalizwa kabisa, tukadirie saa 5 au 6. Zinatosha kwa usiku mwingi wa kukatika umeme. Fundi aunganishe betri hiyo na chaja yake tangu siku ya kwanza, isiwe jambo la baadaye.

Kisha uliza kitasa. Wengi wanataka geti lifunguke kwa kubonyeza kitufe sebuleni, na vitasa vya umeme viko vya namna mbili zinazopingana. Kimoja umeme ukikatika hubaki kimefungwa. Kingine, kama kile cha sumaku, umeme ukikatika huachia na geti likawa wazi. Muuzaji asipokwambia unaweza kununua ulinzi unaoisha kila taa zinapozimika. Kwa geti la nje chagua kinachobaki kimefungwa, lakini kiwe na ufunguo wa kawaida kwa nje na komeo la kufungua kwa mkono kwa ndani, bila umeme. Moto ukizuka, au mgonjwa akihitaji kupelekwa hospitali usiku, asiwepo mtu wa kutafuta swichi.

La tatu ni namna ya kuunganisha. Mafundi wengine hupitisha nyaya za kitasa ndani ya kile kisanduku cha getini. Mwenye nia mbaya akikibandua kisanduku hicho anazikuta nyaya mkononi mwake, na anaweza kulifungua geti kwa kuzigusanisha. Mwambie fundi nyaya za kitasa zianzie kwenye skrini ya ndani, au kwenye kifaa kidogo kilichofungwa ndani ya uzio. Kazi hiyo haiongezi gharama kubwa ila humaliza hatari hiyo.

Kamera ione nini

Kisanduku cha nje kinakaa juani na mvuani, na kwetu sisi wa pwani kinakaa katika hewa ya chumvi. Tafuta alama ya IP65 au zaidi. Tarakimu 6 maana yake vumbi haliingii, na 5 maana yake kinastahimili maji ya kurushwa. Kasha liwe la alumini au chuma kisichoshika kutu. Fundi aziba kwa nyuma pale waya unapoingia, kwa sababu maji mara nyingi huingilia huko na si mbele.

Kifungwe kwenye urefu wa sentimita 145 hadi 155 kutoka chini, ili uso wa mtu mzima uonekane na mtoto wa jirani aweze kubonyeza. Lenzi iwe pana kiasi cha kumwonesha na aliyejibanza pembeni ya mgeni, maana hila inayotumika mara nyingi ni mmoja kubisha na mwenzake kujificha. Pasiwe na jua la asubuhi wala la jioni linaloingia moja kwa moja kwenye lenzi, kwani uso wa mgeni utaonekana mweusi. Usiku kamera nyingi hutumia mwanga usioonekana na kutoa picha isiyo na rangi. Inatosha kumtambua mtu, lakini taa ya kawaida juu ya geti ni bora zaidi na humkatisha tamaa mwenye kunyemelea.

Katika kuangalia uzuri wa picha tusisahau haki ya jirani. Mtume (s.a.w.) ametueleza jinsi Jibril (a.s.) alivyoendelea kumuusia kuhusu jirani mpaka akadhani kwamba atamrithisha. Katika mitaa yetu, ambako geti hutazamana na geti, kamera pana iliyofungwa bila kufikiri huingia moja kwa moja uani kwa mwenzio, pale ambapo mama yuko bila mtandio akifua na mabinti wanasukana. Huko ni kuchungulia kwenye tundu kule kule kulikokemewa, ingawa tumeliweka tundu hilo kwa nia ya ulinzi. Igeuze kamera kidogo iielekee njia yako, iinamishe, na kama ina uwezo wa kuziba sehemu ya picha kwa weusi, liziba eneo la jirani. Kisha mwite jirani yako umwoneshe kwenye skrini kinachoonekana. Dakika tano hizo zitakuepusha na uhasama wa miaka.

Na sauti je? Kamera nyingi za kisasa hurekodi mazungumzo hata bila mtu kubonyeza kengele. Mwaka 2021 mahakama moja ya mjini Oxford, Uingereza, ilimpa haki mlalamikaji dhidi ya jirani yake aliyefunga kamera na kengele ya kamera, na hakimu aliona kuwa kunasa mazungumzo ya watu kutoka mbali, bila wao kujua, ni kubaya kuliko hata kuwapiga picha. Kwetu Tanzania ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina sheria yao ya mwaka 2019. Lakini Mwislamu asingojee sheria. Suratul-Hujurat, aya ya 12, imekwisha kutukataza kupelelezana. Zima kurekodi sauti, acha ile ya mazungumzo ya kawaida pale kengele inapobonyezwa.

Picha zinakwenda wapi

Ikiwa kamera itaunganishwa na intaneti, yako mambo matatu ya kushika.

Kwanza, badilisha neno la siri la kiwandani siku ile ile ya kufunga. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliziteka kamera na vifaa vingi vya nyumbani duniani kwa njia rahisi tu ya kujaribu maneno ya siri ya kiwandani ambayo wenyewe hawakuyabadilisha. Fundi asiondoke na neno lako la siri. Akikuwekea yeye, libadilishe akishatoka.

Pili, picha zihifadhiwe kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu ndani ya skrini yako, na si lazima zipelekwe kwenye hifadhi ya kampuni ng'ambo. Mwaka 2023 mamlaka ya biashara ya shirikisho nchini Marekani iliishitaki kampuni moja kubwa ya kengele za kamera kwamba wafanyakazi wake waliweza kutazama video za faragha za wateja, na kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5.8. Picha ya familia yako ikishatoka nyumbani, hujui nani anaifungua.

Tatu, zipangiwe muda wa kufutika. Wiki moja au mbili zinatosha kwa jambo lolote la ulinzi. Picha ya dada aliyekuja kuomba ushauri wa faragha, au ya ndugu aliyekuja kukopa unga, haina sababu ya kubaki mwaka mzima.

Skrini ya ndani isifungwe sebuleni mbele ya wageni, bali kwenye ukumbi wa ndani au karibu na jiko, ambako watu wa nyumbani wanapita. Na iwe ile isiyo na kamera upande wake. Ziko skrini zinazomwonesha aliye ndani kwa aliye nje, na hizo hazitufai.

Sasa, swali la mwisho wa barua

Tunarudi kwa dada yetu, na sehemu hii tunamwomba aisome pamoja na mumewe.

Kaka yetu, wasiwasi wako tunauelewa. Uko mbali, familia yako imefikwa na mgeni asiyejulikana, na moyo hautulii. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake kisha amtegemee Allah, kama alivyopokea Tirmidhi. Kufunga kengele ya kamera ni katika kumfunga ngamia, na Allah akulipe kwa kuwajali watu wako.

Lakini tukukumbushe Hadithi nyingine. Jabir (r.a.) amepokea, naye Muslim ameiandika, kwamba Mtume (s.a.w.) alimkataza mwanamume anayetoka safarini kuwajia watu wake ghafla usiku kwa lengo la kuwatilia shaka ya khiyana au kuwatafutia makosa. Hebu tuitafakari. Nyumba ni yake, mke ni wake, na mlango anao ufunguo. Hata hivyo alikatazwa asiingie kwa nia ile, kwa sababu ndoa inayoishi kwa kuviziana haina ule utulivu alioujaalia Allah baina ya mume na mke. Sasa simu inayolia kila geti linapofunguka, inayokuarifu kwamba mkeo ametoka saa 4 na dakika 10 na kurejea saa 6, humfanya msafiri awajie watu wake ghafla mara ishirini kwa siku. Huenda nia yako si hiyo. Lakini yeye aliyeko nyumbani atajuaje? Tayari ameuliza, na ameliuliza kwa kalamu nyepesi mwishoni mwa barua, kama mtu anayeogopa kuonekana ana la kuficha.

Kuna hasara nyingine ambayo ni ya ulinzi wenyewe. Arifa zikiwa nyingi mtu huzizoea. Simu ikilia kwa mke, kwa watoto waendao madrasa, kwa paka na kwa jani la mwembe, siku itakayolia kwa mtu mbaya utakuwa umeshaacha kuitazama.

Kwa hiyo tunashauri hivi. Chombo kiwe cha waya, na skrini iwe mkononi mwa aliyeko nyumbani. Yeye ndiye mchunga wa nyumba hiyo usipokuwepo, na Mtume (s.a.w.) ameeleza kwamba mwanamke ni mchunga katika nyumba ya mumewe naye ataulizwa. Mchunga hupewa chombo cha kuchungia. Ukitaka kuunganishwa kwenye simu, nunua aina yenye uwezo huo, lakini iwekwe ili simu yako iite pale tu kengele inapobonyezwa na mgeni, na arifa za kila kinachopita zizimwe. Hapo mgeni akibisha, wewe na yeye mtamwona pamoja, na unaweza kumjibu kwa sauti ya kiume kutoka huko uliko bila yule wa nje kujua kwamba haupo. Nani anaweza kufungua picha zilizohifadhiwa, na kwa sababu gani, mkubaliane nyote wawili. Binti wa kazi naye aambiwe kwamba geti lina kamera, kwani ni haki yake kujua.

Nyumbani nako wekeni utaratibu, maana chombo hakitamzuia mtoto wa miaka 8. Watoto wafundishwe kwamba kazi yao ni kuita mkubwa, na kitufe cha kufungua si chao. Skrini iwe juu kidogo wasiifikie, ila bibi asaidiwe aizoee. Anayejibu aseme maneno machache na ya kawaida: nani, umetumwa na nani, unamtaka nani. Asimwambie mgeni kwamba baba hayupo. Anayesema ametumwa na ofisi fulani asubiri nje, ofisi ipigiwe kwa namba mliyonayo nyinyi na si ile atakayoitoa yeye. Akiambiwa arudi, naye ni mtu mwema, Qur'ani imekwisha kumfundisha kurudi bila kinyongo.

Na jambo la mwisho, kamera isituondolee ukarimu. Wako watu ambao wakishafunga chombo hiki hawafungui tena kwa yeyote: wanamtazama jirani kwenye skrini, wananyamaza, mpaka achoke aondoke. Kutojibu tumeruhusiwa, lakini jirani wa kweli ndiye ulinzi ambao umeme haukatiki kwake. Mchana ule wa mtu wa mita, lau jirani wa mbele angekuwa na mazoea ya kuuliza "mna mgeni?", huenda mtu yule asingefika barazani. Dada yetu, ukishafunga kengele yako, mpelekee jirani huyo sahani ya kitu mwoneane uso.

Tunamwomba Allah (s.w.) azihifadhi nyumba zetu na waliomo, awarejeshe wasafiri wetu kwa watu wao kwa salama, na ajaalie milango yetu ifunguke kwa kheri na ifungike kwa shari. Aamin.

Wabillahi tawfiq.